Pumzi ya Mtoto Asiyemwona Baba

Attracta Mulvey alikuwa anamkatia mama yake mkate, Jumatatu saa moja asubuhi, mama alipomwambia kwamba mtu anayezikwa siku ile ni baba yake mzazi.

Kisu kilisimama katikati ya mkate. Attracta alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusikia neno lililomwingia hivyo. Alishika ukingo wa meza.

"Phelim?" aliuliza.

"Phelim."

"Phelim Guckian wa hapo ng'ambo ya barabara?"

"Kwani unawajua akina Phelim wangapi?" alisema Bi Delia kutoka kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi, kwa ukali, maana mama yule hata akiungama lazima aungame kwa ugomvi. "Sasa nisikilize. Hana mtu. Ndugu zake wote wametangulia, na yule mpwa wake wa Manchester ameleta simu kwamba hawezi kuja. Gari la maiti litatoka kanisani, na nyuma yake hapatakuwa na damu yake hata tone. Siku mbili hizi sijalala kwa ajili hiyo. Utatembea wewe."

Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Bi Delia alikuwa ameficha lake kwa zaidi ya nusu karne, na aliyekufa hakuwa hata yeye.

Kwa mtu wa mahali pengine habari kama hii ingekuwa aibu ya mama, au kilio cha kuchelewa, basi. Kwa Attracta ilikuwa zaidi. Ilikuwa inamnyang'anya kazi yake, jina lake, na sababu ya yeye kuwa pale alipo.

Pale Drumgarra, kwenye vilima vya Leitrim, Ayalandi, kila ugonjwa una mtu wake. Mwenye choa huenda kwa Dominic, kwa kuwa ni mtoto wa saba wa kiume bila dada katikati. Mwenye kifaduro huenda kula mkate wa mwanamke aliyeolewa na mwanamume wa jina la ukoo kama lake. Na mtoto mchanga akiota utando mweupe mdomoni, ulimi na ufizi vikawa kama vimepakwa maziwa yaliyoganda, akashindwa kunyonya, hupelekwa kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona baba yake. Mtu huyo humpulizia mdomoni mara tatu, Jumatatu, Alhamisi na Jumatatu tena, kabla mpulizaji hajatia kitu tumboni. Mtoto hupona. Madaktari wa mjini hucheka, lakini wake zao nimewaona kwa macho yangu wakipanda kile kilima na kichanga ndani ya shali.

Hubert Mulvey, mume wa Delia, alikwenda Uskoti kuchimba viazi vya watu. Mwezi wa Novemba akaanguka kutoka juu ya mkokoteni uliojaa, akafa. Attracta akazaliwa Februari. Hajatimiza wiki mbili, jirani mmoja, Nappy Shivnan, aliyekuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja, akaja na mtoto huyo mdomo wote mweupe. Wakamwinua Attracta, yeye mwenyewe kichanga asiyeweza kushika shingo, wakamning'iniza juu ya mwenzake ili pumzi imdondokee. Jumatatu ya pili yule mgonjwa alikuwa ananyonya kama ndama. Tangu hapo Attracta hakuwa mtoto wa Delia peke yake. Alikuwa mali ya parokia.

Shuleni mwalimu alizoea kumwita katikati ya hesabu: kuna mtu anakusubiri mlangoni. Wenzake walimwita Bata, kwa sababu tiba nyingine ya ugonjwa ule ni bata bukini dume aliyefungiwa bila chakula tangu jana yake, akabanwa kwapani na kushikwa mdomo ampumulie mtoto. Hata alipokuwa mtu mzima, wanaume pale dukani waliuliza, "Bata, umeshakunywa chai leo?" Naye aliwajibu, "Nimekunywa, kwa hiyo kama wewe ndiye mgonjwa umechelewa." Alikuwa mwepesi wa ulimi, na alipendwa. Lakini tiba ina miiko yake. Hailipwi, haishukuriwi, na mwenye mtoto huondoka bila kuaga na bila kugeuka. Miaka hamsini na minne watu walikuwa wamempa Attracta mgongo, kwa heshima.

Mwaka wa 1948, akiwa na miaka ishirini na minane, alitaka kuondoka. Malachy Tighe, kijana wa seremala, alikuwa ameshafika Chicago na kumtumia tiketi ya meli. Attracta akanunua sanduku. Habari ikavuja, na wanawake watatu wakaja jikoni wakakaa, Nappy akiwa mbele yao. Hawakumkataza. Waliuliza tu, kila mmoja kwa zamu yake, nani sasa atawapulizia watoto. Mama yake alilia ndani ya aproni. Attracta alikuwa na moyo wa huruma, na moyo wa huruma katika kijiji chenye njaa ya msaada ni sawa na shamba lisilo na ua. Akairudisha tiketi. Malachy akaoa msichana mwingine hukohuko, na kila Krismasi huleta kadi yenye picha ya theluji, kana kwamba theluji haiko Leitrim.

Na huyo Phelim? Phelim alikuwa kapera wa nyumba ya ng'ambo, mrefu, mkimya, mwenye kofia aliyoivaa hata ndani. Ndiye aliyeziba paa lao upepo ulipolifumua. Ndiye aliyewaletea vipande vya udongo wa kinamasi vya kuwashia moto, akavipanga ukutani kwa unadhifu kama anajenga. Ndiye aliyemfundisha Attracta baiskeli, akikimbia nyuma na mkono kwenye kiti. Kila Jumapili alikuja kula kabeji na nyama ya nguruwe, akakaa kwenye kiti cha karibu na moto, akaondoka saa kumi. Attracta alikuwa amemwona Phelim Guckian kuliko alivyomwona binadamu mwingine yeyote isipokuwa mama yake. Jana yake tu alikuwa ameketi kwenye msiba, kando ya kitanda alicholazwa marehemu, akinywa chai na kusimulia vituko vyake kama jirani yeyote.

Sasa aliweka kisu chini.

"Hubert alikwenda Uskoti mwezi wa Juni," alisema polepole. "Umeniambia hivyo tangu utoto. Juni."

"Alikwenda Machi."

"Ulisema Juni, mama."

"Nilisema Juni. Ulitaka niseme nini? Machi mpaka Februari ni miezi kumi na moja, na wewe hukuwa punda."

Attracta alicheka. Hakutaka kucheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikamwogopesha, akaziba mdomo kwa mkono wenye unga. Mdomo ule. Akauondoa mkono haraka kama umemuunguza.

"Umenipulizisha watoto wa watu miaka yote hii."

"Wamepona."

"Kwa uongo!"

"Wamepona, Attracta. Nenda makaburini uniletee mmoja aliyekufa kwa utando." Bi Delia alijiinua kwenye mito, pumzi ikimkata. "Mimi sikukupeleka. Nappy ndiye aliyekuja, analia, mtoto wake hajanyonya siku mbili. Ningemwambia nini? Mrudishe mtoto wako nyumbani, huyu wangu baba yake yuko uani anatupasulia kuni? Nikasema moyoni, tutampulizia, hatapona, na yataisha hapo. Akapona. Kesho yake wakaja wawili."

"Na Malachy?"

Mama alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Mama. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Ulilia kwenye aproni hapa jikoni, mbele ya wale wanawake. Ulijua kwamba sina tiba wala chembe ya tiba, na ukaniacha nibaki kwa ajili ya watoto."

"Nililia kwa kuwa sikutaka uende," alisema Bi Delia. "Hilo halikuwa uongo."

Attracta alimtazama kikongwe yule mwenye nywele nyepesi kama manyoya ya kifaranga, na alihisi chuki ambayo hakujua kama anayo. Ilimshangaza kuliko habari yenyewe. Angesema jambo baya sana, lakini mlango uligongwa.

Alikuwa Assumpta Reynolds, mke kijana wa dereva wa lori la maziwa, na mtoto wake wa miezi miwili. Jumatatu iliyopita walikuja, Alhamisi wakaja. Leo ilikuwa pumzi ya mwisho.

"Mpeleke kwa daktari," Attracta alisema mlangoni. "Kuna dawa ya matone siku hizi. Nenda sasa hivi, usichelewe."

Rangi ilimtoka msichana wa watu. "Nimefanya nini, Bi Attracta?"

"Hujafanya kitu."

"Nilishukuru? Alhamisi, nilipotoka? Mume wangu ananiambia kila siku, wewe mdomo wako hauna kufuli, utamshukuru yule mama uharibu kila kitu. Nilisema asante? Niambie tu. Kama nilisema, tunaanza upya?"

"Hukusema."

"Basi usimwache njiani, nakuomba. Tangu Alhamisi analala. Jana amenyonya mpaka nikaumia. Tazama." Akamfungua mtoto mdomo kwa kidole.

Attracta alitazama. Ulimi ulikuwa mwekundu, safi, isipokuwa doa dogo pembeni, dogo kama punje ya mchele. Mwili wote ulimsisimka. Angekuta utando umezidi angejua la kufanya: angepiga magoti, angeungama, yangeisha. Lakini mtoto alikuwa anapona. Alikuwa anapona kwa pumzi ya mtu ambaye Alhamisi ileile, baada ya kumpulizia, alivuka barabara kumpelekea baba yake supu.

Akampulizia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sala iliyozoea kutoka yenyewe ilimganda kinywani, akapuliza kavukavu, kama mtu anayepoza uji. Assumpta alimfunika mtoto, akageuka, akashuka kilima bila neno na bila kutazama nyuma.

Attracta alivaa koti lake jeusi. Mama yake alimwita mara mbili kutoka chumbani. Hakuitika.

Alikwenda kanisani kwa miguu, maili nzima, tumbo tupu, bado hajaamua. Hilo nalisema waziwazi kwa kuwa baadaye watu walidai alikwenda kwa makusudi ya kumwaibisha mama yake. Uongo. Alikuwa hajui. Alipofikiria kutembea nyuma ya jeneza, aliona mama yake akisemwa dukani mpaka afe. Alipofikiria kutotembea, aliona mkono wa Phelim kwenye kiti cha baiskeli. Na watoto je? Atamwambia nini mwanamke wa kesho mwenye kichanga ndani ya shali?

Alisimama nyuma kabisa wakati wa misa. Watu walipoanza kutoka, Bi Nappy Shivnan alimkuta langoni. Alikuwa na miaka sabini na minane sasa, mfupi, mnene, na fimbo yenye mpira chini. Alimtazama Attracta usoni mara moja tu.

"Delia amekwambia," alisema.

Attracta alishika nguzo ya lango.

"Nilijua hatavumilia. Tangu Phelim alipokata roho nilimwambia binti yangu, Delia atasema. Njoo huku, mwanangu, usisimame katikati ya njia."

"Wewe unajua?"

"Nisijue vipi? Kila mwenye umri wangu anajua. Tulikuwa na vidole vya kuhesabia, sote." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayezungumzia bei ya mayai. "Machi mpaka Februari! Mama mkwe wangu alihesabu mara tatu akidhani amekosea."

"Na bado ulimleta mtoto wako kwangu."

"Nilimleta kabla sijahesabu. Akapona, ndipo nikahesabu." Bi Nappy alishusha sauti na kumshika mkono. "Tulikaa tukalifikiria, Attracta. Hatukuwa wajinga. Kumwona baba ni kumwona ukijua kwamba ni baba. Wewe ulimwona Phelim, jirani. Baba hukumwona. Padri wa zamani tulimuuliza, akatufukuza ofisini, lakini hakusema hapana. Kwa hiyo tukakubaliana: mtoto asiambiwe, na tiba itakaa. Na imekaa."

Watu walikuwa wanapita. Attracta aliwatazama wale wazee mmoja mmoja, wenye kofia mikononi, wenye vitambaa kichwani, na kila aliyekutana naye macho aliinamisha uso. Postamasta mstaafu. Dada wawili wa duka la nyama. Yule mwalimu wa hesabu, sasa nusu kipofu, ameshikwa mkono. Wote. Parokia nzima ilikuwa imelijua, ikalimeza, ikaketi juu yake kama kuku.

"Na hata sasa hujachelewa," Bi Nappy aliendelea, sasa kwa upole. "Jeneza limefungwa. Tangu uambiwe hujamwona uso. Ukisimama na sisi hapa, kama jirani, hakuna kilichoharibika. Ukitembea nyuma yake mbele ya watu, basi tena. Mjukuu wangu anajifungua mwezi ujao. Nani atampulizia?"

Ilikuwa sauti ileile ya mwaka wa arobaini na nane.

"Na yeye alikubali?" Attracta aliuliza. "Phelim?"

Bi Nappy alisita. Ni mwanamke mkweli kwa namna yake, na nadhani ndiyo maana alijibu.

"Mwaka ule wa tiketi alikataa. Alivaa suti, akawa anakuja kwenu mchana kweupe. Nilikutana naye pale kwenye kona. Akasema, naenda kumwambia msichana asibaki kwa ajili ya kitu ambacho hana, aende zake kwa Malachy. Sisi tukamkalisha pale ukutani. Mjukuu wangu Bernadette, kichanga, alikuwa mgonjwa wiki ile. Nikamwambia, Phelim, ngoja mtoto apone kwanza."

"Alipopona?"

"Kulikuwa na mwingine."

"Na huyo alipopona?"

"Mwanangu, daima kuna mwingine," alisema Bi Nappy, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Akakaa pale ukutani mpaka saa kumi. Kisha akarudi kwake akavua suti."

Attracta aliutoa mkono wake mikononi mwa yule bibi. Hakumsukuma. Hasira ilikuwa kubwa mno, haikupata mlango wa kutokea. Alikuwa anafikiria suti. Miaka ishirini na sita, kila Jumapili, mtu yule amekula kabeji mezani kwao na maneno yale kifuani, akimsikia akiuliza kama viazi vimeiva.

Jeneza lilikuwa limeingizwa garini. Fintan Cullinane, mwenye gari la maiti, mtu wa mji wa pili, aliyezika nusu ya wilaya na hakumjua Attracta ila kwa sura, alikuwa akiwapanga watu. Padri mbele, gari, kisha nafasi tupu ya hatua kama nne ambayo hakuruhusu mtu aikanyage, kisha watu wote. Attracta alipita katikati yao. Walimpisha, na nyuma yake alisikia fimbo ya Bi Nappy ikigonga mawe, na sauti ikimwita jina lake mara moja.

Alifika kwenye ile nafasi, akasimama. Hakujua hata kama mtu huomba ruhusa.

"Nataka kutembea hapa," alimwambia Fintan, na sauti yake ilisikika mbali kuliko alivyotaka. "Mimi ni binti yake."

Fintan alivua kofia.

"Najua, mama," alisema. "Alikuja kwangu mwaka jana kupanga mambo yake. Akaniambia, hapo nyuma yangu paache wazi. Akija, aje. Asipokuja, usimwite, huenda kuna mtoto anamsubiri."

Gari likaanza kwenda polepole. Attracta akatembea.